Mkusanya Mikojo wa Mbebe na Shingo ya Mkamwana Asiyemtazama

MBEBE, Julai 1957

Ukungu bado umekalia migomba wakati Gwakisa Mbonile anapopiga hodi nyumba ya tatu. Hasubiri kukaribishwa ndani. Amesimama uani na mti begani, kikapu kimoja mbele na kingine nyuma, na kila kikapu kina chupa zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi.

"Mama, nipe mzigo wangu nipite," anasema.

Mlango unafunguka kidogo. Mkono unatoa chupa iliyoviringishwa kwa jani la mgomba, kisha unarudi ndani upesi. Mwenye chupa hataki kuonekana akimkabidhi mwanamume mzima kitu kama hicho. Gwakisa anaipanga kikapuni taratibu kama mtu anayepanga mayai, anaaga, anaendelea na mlima.

Kilichomo ndani ya chupa ni mkojo, tusizungukezunguke. Ndiyo kazi yake. Zahanati ya misheni inamlipa shilingi hamsini na mbili kwa mwezi, na watoto wa Mbebe wamempa jina bila malipo: Bwana Mikojo.

"Wacheke tu," anasema Gwakisa, ambaye ana umri wa miaka hamsini na kitu, na hicho kitu hakijui mwenyewe. "Nimelima kahawa, nimechimba barabara, nimebeba masanduku ya Wazungu mpaka Tunduma. Huko kote nilikuwa naitwa 'wewe'. Bwana Daktari huyu ananiita kwa jina langu."

Ajabu ya milima hii ya Ileje ni shingo. Mvua imeosha udongo miaka na miaka, ikaondoka na iodini, ambayo tezi ya shingo haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Tezi ikiikosa huvimba, na uvimbe huo ndio rovu. Hapa Mbebe marovu ni mengi kiasi kwamba mwanamke mwenye shingo nyembamba huulizwa ametoka wapi.

Mwezi Juni daktari mgeni alifika kwa lori kutoka Mbeya. Alikuja na fundi wake, Hezron, na mashine, na betri, na kopo la madini ya risasi, zito kama jiwe la kusagia. Ndani ya kopo hilo lote mlikuwa na kichupa kimoja cha maji.

Maji hayo ni iodini, ila ni iodini yenye mionzi. Haina rangi wala ladha. Mgonjwa hunywa kikombe kidogo, tezi huivuta kama inavyovuta iodini yoyote, na kesho yake fimbo ya mashine ikisogezwa shingoni, mashine hulia. Mwonzi mmoja, mlio mmoja. Watu wameiita nyenje, na ukiisikia chumbani utadhani kweli mdudu amefungiwa ndani ya boksi.

Iodini ambayo tezi haikuichukua hutoka na mkojo. Ndiyo maana ya chupa za Gwakisa. Mkojo wa mchana na usiku ukipimwa, na shingo ikipimwa, daktari anajua tezi imekula kiasi gani. Anajua na jambo jingine zito zaidi. Shingo ikilia yote halafu uvimbe mmoja ukanyamaza, hapo anaingiwa na wasiwasi wa saratani.

"Si kila uvimbe kimya ni kansa," daktari anaeleza kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. "Lakini kansa mara nyingi iko kimya. Huyo lazima aende kupasuliwa."

Wajawazito na wanaonyonyesha hawapewi dawa hiyo, na wanawake wenye umri wa kuzaa hawaruhusiwi kufanya kazi karibu na kopo la risasi. Tena dawa yenyewe haingoji mtu. Kila baada ya siku nane nguvu yake hubaki nusu, inywewe isinywewe. Kwa hiyo kila kikombe kina mwenyewe, na anayekipoteza hapati kingine.

Gwakisa aliajiriwa kwa ajili ya chupa. Baadaye daktari akaona mikono yake haitetemeki, akampa na fimbo. Hezron hutazama saa na kusoma namba, Gwakisa hushika. Asubuhi chupa, mchana fimbo.

"Nilikuwa najiona mtu mkubwa," anasema, bila kuficha. Hali hiyo ilidumu mpaka ilipofika zamu ya Aida.

Aida ni mke wa Jonasi, mtoto wa kwanza wa Gwakisa. Katika mazungumzo yetu yote Gwakisa hakulitaja jina hilo hata mara moja. Nililipata kwa mkewe, Sekela. Kwa Wandali, wenyeji wa milima hii, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mkamwana hali mbele yake, hakalii kigoda chake, hatamki jina lake, hasemi akasikiwa naye. Akimwona njiani huingia migombani mpaka mzee apite, na mzee naye hukohoa kabla ya kutokea uani, ili kumpa nafasi ya kujificha. Wala si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizo nazo, na mzee anayeidharau hudharauliwa yeye.

Miaka tisa Aida ameishi ng'ambo ya ua wa Gwakisa, na Gwakisa hawezi kuieleza sura yake.

"Namjua kwa mgongo," anasema, na Sekela anacheka.

Jonasi yuko Kopa, kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengine wengi waliovukia Tunduma. Tangu alipoondoka, uvimbe wa upande wa kushoto wa shingo ya mkewe umekua haraka kupita rovu la kawaida. Sauti yake imekwaruza. Ugali anausukuma kwa maji. Ana watoto watatu, na mdogo wao ameacha ziwa mwaka huu. Nyumba nzima ilikuwa inaiona hali hiyo, na nyumba nzima iliweka tumaini lake kwa nyenje.

Aida alikunywa kikombe chake sawasawa, siku ambayo Gwakisa alikuwa ng'ambo ya mlima akifuata chupa. Akapewa chupa yake, akaambiwa arudi kesho kupimwa shingo.

Kesho yake chupa ilifika kikapuni pamoja na nyingine, mwenyewe hakuonekana. Alikuwa amekuja mpaka mlangoni, akasikia sauti ya baba mkwe ikiita wagonjwa, akageuka akapotelea kwenye mibuni.

Chupa ikasogezwa kwenye nyenje. Nyenje ikanyamaza. Hezron akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee Gwakisa," alisema, "mkojo huu una kiluwiluwi."

Na kweli kilikuwamo, kinapanda na kushuka kwa raha zake. Chumba kizima kilicheka, isipokuwa wawili. Gwakisa alikuwa ameuliza chupa ni ya nani, akaambiwa ni ya mkamwana wake. Daktari naye aliona maji ya dimbwi na mgonjwa aliyekimbia, na kwake maana ilikuwa moja tu, kwamba mwanamke huyo ametema dawa nyuma ya nyumba. Wengine walikwisha kumfanyia hivyo. Akamwondoa kwenye hesabu yake, na siku iliyofuata akaenda Chitete kupima watu wa huko, akimwachia Hezron shingo zilizobaki.

Gwakisa alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alimwambia mkewe kwamba mkamwana amemwaibisha kazini. Sekela akavuka ua kwenda kuuliza.

"Aliniuliza, 'Mama, hizo chupa anabeba nani?'" anasimulia Sekela. "Nikamwambia, si unajua, ni baba Jonasi. Akasema, 'Sasa mimi ningempaje mzee mkojo wangu autembeze begani njia nzima? Heri nife na hili rovu.'"

Alikuwa ameumwaga, akateka maji dimbwini ili chupa isirudi tupu. Dawa hakuitema hata tone.

"Nilikosa pa kuweka uso wangu," anasema Gwakisa. "Nimemkasirikia mtu, kumbe alikuwa ananiheshimu."

Kwa hiyo dawa ilikuwa bado imo shingoni mwa Aida, na kila siku ilikuwa inafifia. Akipimwa upesi, nyenje ingesema. Akicheleweshwa mpaka daktari na mashine yake waondoke, asingekuwa na namba yoyote ya kuonyesha, wala nafasi ya kupelekwa popote. Lakini nani angeshika fimbo? Daktari yuko Chitete, na Hezron peke yake hawezi kusoma na kushika. Wanawake wa zahanati wamekatazwa. Wanaume wa upande huu wa mlima karibu wote wanahesabika wakwe zake, na hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefundishwa. Aliyebaki ni Gwakisa, na ndiye hasa asiyefaa.

Akaenda kwa kaka yake, Rubeni, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Rubeni alikataa.

"Nilimwambia hao wageni wataondoka na mashine yao," Rubeni anakumbuka. "Sisi tutabaki hapa na aibu. Watu watasema Mbonile alimshika mkamwana wake shingo."

"Na mimi nikamuuliza," anasema Gwakisa, "kaka, tukimzika, hapo ndipo tutakuwa tumemheshimu?"

Rubeni akaingia ndani, akafunga mlango. Gwakisa akaondoka akidhani mambo yameishia pale. Asubuhi, kabla hajabeba vikapu vyake, kaka yake akatokea na blanketi lake mwenyewe, lile la kijivu alilorudi nalo kutoka vitani.

"Mwiko uko machoni," alisema. "Toboa hapa."

Walilitundika kwenye mlango unaotenganisha vyumba viwili vya zahanati, tundu lake kama ngumi. Aida aliletwa na Sekela, ambaye umri wa kuzaa amekwisha kuuvuka, naye Aida alikuja na kigoda chake mwenyewe kutoka nyumbani. Upande wa pili alisimama Gwakisa, ameambiwa asiseme neno. Aliangalia bati la paa. Alipopenyeza fimbo kwenye tundu, vidole vya mkewe viliipokea na kuielekeza.

Kwanza upande wa kulia. Nyenje ikalia mfululizo, mpaka Hezron akatabasamu.

"Alikunywa huyu," alisema.

"Nilitaka kupiga vigelegele kama mwanamke," anasema Gwakisa. "Nilijizuia kwa sababu nimekatazwa kusema."

Kisha Sekela akaivuta fimbo upande wa kushoto, juu ya uvimbe. Nyenje ikakatika. Ikalia mara moja, ikakaa, ikalia tena mara moja. Hezron akaomba warudie. Wakarudia, ikawa vilevile. Gwakisa alikuwa amekwisha shika fimbo kwenye shingo nyingi mno mwezi huo, hakuhitaji kusomewa namba.

Nyuma ya blanketi, Aida naye aliusikia ule ukimya. Akajisahau.

"Mama," aliuliza, "mbona imenyamaza?"

Sauti ilikuwa ya chini, imekwaruza. Kwa miaka tisa Gwakisa hakuwahi kumsikia akisema. Sekela alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na aliyekuwa analijua jibu ni yule asiyeruhusiwa kumjibu.

Gwakisa aliweka fimbo mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Anasema wazi kwamba alilia, huko kwenye mibuni, mpaka Rubeni akamfuata.

Daktari aliporudi kutoka Chitete alielezwa yote, kiluwiluwi na blanketi. Alisoma namba za Hezron, akamrudisha Aida kwenye hesabu, akampatia kitanda katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam ili apasuliwe. Siku hizi chupa za wakamwana wa ukoo wa Mbonile hazipitii begani kwa Gwakisa. Sekela anazipeleka zahanati mwenyewe, bila mshahara, na analalamika kuhusu jambo hilo kila siku.

Jumatatu wanaondoka. Lori la kahawa litawafikisha Tunduma, ambako ndugu wanaovuka mpaka kwenda Nakonde wameombwa wamfikishie Jonasi habari. Kutoka hapo ni Mbeya, kisha basi la shirika la reli mpaka Itigi, kisha garimoshi. Mwanamume wa kuwasindikiza hakuna mwingine, kwa hiyo Gwakisa ameomba ruhusa kazini, na mipango ameimaliza. Aida na Sekela watakaa mbele na dereva. Yeye atakaa nyuma juu ya magunia. Ndani ya garimoshi atatafuta behewa jingine.

"Nikitaka kujua hali yake nitamuuliza mama Jonasi tukifika stesheni," anasema.

Kuhusu kisu, daktari hakuwadanganya. Uvimbe ukiwa ni saratani, kuutoa mapema ndiyo nafasi nzuri aliyo nayo. Unaweza pia usiwe saratani. Na kwa vyovyote, kisu kikipita karibu na koo, sauti inaweza kubaki, inaweza kupotea.

Namuuliza Gwakisa anatumaini nini. Anatua vikapu chini, na anapojibu anatazama upande wa migomba.

"Sauti yake haikuwa yangu kuisikia. Ikibaki, ni ya Jonasi na watoto. Mimi nataka tu tukisharudi, siku moja nitoke uani bila kukohoa, kwa bahati mbaya, nimsikie anatupa mchi anakimbilia migombani. Sitaita. Nitasimama palepale mpaka afike mbali, maana nitakuwa nimejua kwamba yupo."