Pipa la Mihogo la Koko

Ndugu yangu, usimcheke mtu anayelia kwa sababu ya harufu mbaya. Mwezi uliopita nilirudi Uvira baada ya miaka mingi, nikashuka kwenye pikipiki kule Songo, mtaani kwetu, nikiwa na macho makavu kabisa, kwa maana nilishajiapia njiani kwamba sitalia. Nyumba zimeongezeka, sikujua hata nisimame wapi. Halafu upepo ukaniletea harufu ya mihogo iliyoloweshwa, ile harufu chachu inayowafanya wageni wazibe pua, na miguu ikakataa kwenda mbele. Mwenye pikipiki akaniuliza, "Mama, iko unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimefika nyumbani.

Bibi mzaa baba tulimwita Koko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, wa maneno machache na mkono mzito. Shamba lake lilikuwa kule tambarare, nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Mutarule, na mihogo aliyoitoa huko aliilowesha katika pipa moja la bluu lililokaa nyuma ya jiko. Pipa hilo mwanamume hakuligusa, na mtoto hakulisogelea. Baada ya siku tatu nne Koko alizamisha mkono ndani, akaubonyeza muhogo kwa kidole gumba, na kama umelainika aliitoa yote, akaimenya, akaianika juu ya bati. Ikikauka, mtaa mzima ulisikia kinu chake.

Na unga wake ulikuwa mweupe kweli, si maneno ya mjukuu. Akina mama wengine walikuwa na unga wa rangi ya majivu, naye hakuona haya kuwaambia. "Hii ya kwako ni ya nguruwe," alisema, mbele ya mwenye unga! Baba akialikwa mahali alirudi akilalamika kwamba wamempa bugali ya matope, na Koko alijifanya hajasikia. Lakini jioni hiyo, ndugu yangu, kipande kikubwa cha samaki mukeke kiliangukia sahani ya baba, na sisi wengine tukagawana mkia.

Mama hakuyajua mambo ya mihogo. Alikuwa binti wa Lubumbashi, mtu wa mahindi, aliyemfuata baba mpaka ziwani kwa mapenzi, na kwa Koko alibaki mgeni hata baada ya watoto watatu. Walipendana kwa mbali, kama watu wanaosalimiana kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Mama alishona nguo barazani, Koko alikuwa na jiko lake, na mimi nilikimbia katikati nikipeleka maneno.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, milio ya bunduki ilianza kusogea kutoka tambarare. Watu walipita mbele ya nyumba na magodoro kichwani, kuku wamening'inia kwenye baiskeli. Koko alikwenda shambani kwa kuvizia siku tulivu, na alirudi kimya kuliko kawaida yake. Baba alikuwa fundi wa magari, na magari yenyewe yalikuwa yanakwisha mjini. Basi jioni moja, tunakula sombe, yale majani ya mihogo, na ndagala wa ziwani, akatuambia amepata kazi Lubumbashi na tunahama wote. "Wote," akarudia, akimtazama mama yake. Tungepanda bato bandarini Kalundu mpaka Kalemie, halafu treni.

Koko aliendelea kumega ugali. Kisha akamgeukia mama.

"Kule kwenu ni bugali ya mahindi, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Koko alitikisa kichwa kwa huzuni, kama amepewa habari ya kifo.

Lo, nyumba ile ikageuka soko! Mama alifunga sufuria ndani ya mashuka, akafunga mashuka ndani ya magunia, akafungua tena kwa sababu amesahau kijiko. Viti vilikwenda kwa majirani kimoja kimoja, na jioni tuliketi juu ya bidoni za maji. Kuku tuliwachinja wote, tukala nyama siku tatu mfululizo kama matajiri, mpaka asubuhi moja nikaliona banda tupu. Wadogo zangu wawili walijificha ndani ya sanduku la chuma na kila mara mama alipolifungua alipiga kelele ileile. Baba alishinda akizunguka kutafuta nafasi kwenye bato. Milio ya bunduki ilipokaribia, mikono ilisimama, halafu mama alisema "Haya, haya," na mikono ikaanza tena kufunga.

Sheria ya mama ilikuwa moja: mzigo ambao hajaupitisha yeye hautoki. Kinu cha Koko alikikataa. "Mama, tafadhali, bato haiwezi beba mti." Magunia ya unga aliyakataa pia, akisema kule unga uko mwingi, hakuna mtu anayesafiri na unga. Koko akarudi jikoni kwake. Ungemjua, ungeogopa.

Jumatatu ya wiki ya safari, Koko akajaza mihogo kwenye pipa.

"Mama!" mama akashangaa. "Siku ya tano tunaenda, na weye iko unalowesha mihogo?"

"Ni ya mwisho ya shamba yangu," Koko akasema. "Niache ioze mu udongo?"

Siku iliyofuata alituaga kwamba anakwenda kusali. Jumatano alfajiri nikatoka nje kwenda msalani, nikamkuta nyuma ya jiko ameinama na kikapu cha mihogo mipya, ingali na udongo wa tambarare. Kumbe hakwenda kusali! Alikwenda shambani peke yake, bunduki zikilia. Alikuwa anaizamisha mmoja mmoja, polepole, maji yasimwagike. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza weye. Mama yako asijue."

Mimi nilikuwa na akili nyingi, darasani nilikuwa wa pili. Nikapiga hesabu yangu palepale: mihogo mipya inataka siku tatu nne kuanzia leo, kwa hiyo Ijumaa haitakuwa imelainika. Nikaamua kwamba Koko hataki kuhama, anatafuta sababu ya kutuchelewesha. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Mimi pia sikutaka kuacha ziwa na rafiki zangu. Nikaibeba siri ile siku mbili nzima kwa fahari, nikisubiri mihogo ituzuie.

Wapi! Ijumaa ilipofika mkokoteni ulipakiwa, na Koko akasimama mlangoni na kusema, "Tangulieni. Minye nitakuja na bato ya pili. Mihogo haiachwi mu maji. Mwenye kuiacha, njaa inamfuata mpaka kwenye anahamia." Baba alikubali mara moja. Vitanda na cherehani ya mama vilikuwa havijapata nafasi. Angerudi baada ya wiki tatu kuvichukua, pamoja na mama yake. Mama alilia. Koko hakulia. Alinipa viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba, akanishika kichwa kwa ule mkono wake mzito, akasema niwaangalie wadogo zangu. Nikalitazama lile jicho kavu nikasema moyoni, si nilijua!

Lubumbashi ilitupokea na vumbi jekundu na baridi ya asubuhi. Tulikula ugali wa mahindi, na wadogo zangu walilia wakitaka ule wa nyumbani. Mama alikuwa mjamzito, mgonjwa, hawezi kuinuka. Wiki ya tatu baba akafunga mfuko wake, akafunga na kamba za viatu. Mama akamwomba asiende, habari za ziwani ni mbaya, atamwacha na nani? Baba akasema, "Mama yangu iko ananingoja." Walibishana mpaka mama akaanza kutapika, nami nimesimama pale pembeni na siri yangu.

Basi nikafungua mdomo. Nikasema Koko hakungoji, Baba. Koko hataki kuja. Aliongeza mihogo mibichi kwenye pipa ili asiondoke, nilimwona mwenyewe, akaniambia ninyamaze.

Baba akaniambia nirudie. Nikarudia, na kidole mdomoni nikamwonyesha. Aliketi chini, akafungua kamba za viatu, kwanza kiatu kimoja, halafu cha pili. "Kwa nini hakuniambia mimi?" akauliza, lakini hakuwa anatuuliza sisi. Hakwenda. Hakutuma hata neno, alisema aliyekataa ndiye wa kusema. Muda si mrefu vita ikafunga ziwa, na masika yaliyofuata, kupitia fonii ya mapadri, ile redio yao ya kuongea na watu wa mbali, tukapata habari kwamba Koko amekufa na ameshazikwa.

Baba hakulia mbele yetu. Ila tangu hapo, watu wakiwasifu mama zao, yeye husema, "Mimi, mama yangu alinikataa kwa ajili ya pipa la mihogo." Anasema hata kwenye harusi. Watu hucheka sana. Mimi pia nilicheka, miaka yote hiyo.

Ile harufu ya Songo, sasa, ilitoka kwa mama mmoja jirani yetu wa zamani, wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa akimwazima Koko kisu. Amezeeka, lakini aliniangalia mara moja tu akasema, "Hii ni paji ya uso ya Koko." Akaniketisha, akanipakulia ugali na sombe. Nikiwa nimeshiba, mjinga mimi, nikamletea mzaha wa baba. Nikamsimulia jinsi Koko alivyotuchezea, jinsi alivyotia mihogo mibichi kwenye pipa ili safari impite.

Hakucheka. Aliacha kutafuna.

"Mutoto wangu," akasema, "nani alikufundisha mihogo? Mupya, ukiitia mu maji ya zamani, inaiva mbio. Siku mbili, basi. Ile maji inakuwa na nguvu. Koko alikuwa anafanya haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kwenda! Hakujua bato ya pili inakuja siku gani. Alisema muke wa mwana wake amekataa unga. Akasema watoto hawawezi kulelewa na mahindi peke yake. Alikuwa anataka kufika na unga ya kutosha, halafu tuone nani atamurudisha nayo mulangoni."

Akaniambia yote, nami sikuweza kumzuia. Majirani walimsaidia kuanika na kutwanga. Ilijaa mifuko mitatu, na Koko akaishona midomo kwa nyuzi nyekundu za cherehani ya mama yangu. Wiki ya tatu ilipofika, kila asubuhi alivaa kitenge cha kanisani na viatu, akaketi mlangoni, mifuko mitatu pembeni yake. Mama jirani alimwambia mtoto wake aandike barua. Koko akakataa. "Amesema atarudi. Nikimuandikia, ni kama nimemwita muongo." Baadaye aliacha kuvaa viatu, lakini kukaa mlangoni hakuacha. Masika yakaja na homa, na homa haikumkalia siku nyingi.

"Na unga?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Tungefanya nini, mutoto wangu? Ilikuwa vita. Watu walikuja kwa matanga, hakukuwa chakula. Tulifungua mifuko yenu. Watu walishiba." Halafu akanishika mkono. "Baba yako iko muzima? Usimwambie. Ni muzee sasa, utamuua."

Nikaenda kupaona kwetu. Nyumba haipo, kuna ukuta wa mtu nisiyemjua, na mahali pa jiko pamejengwa duka la vocha za simu. Pipa sikulitafuta. Nikashuka mpaka ziwani. Ziwa nalo limepanda, ndugu yangu, limeumeza ule mchanga tuliokuwa tunaanikia ndagala, na paa la nyumba moja linachungulia majini. Siku hizi hakuna mtu Songo anayejua kwamba pale juu palikuwa na mwanamke aliyewatukana majirani kwa sababu ya unga na bado wakamlilia. Nilimkumbuka akizamisha mihogo, mmoja mmoja, maji yasimwagike. Nilitaka sana kumtii mama jirani. Mtoto wa miaka tisa alisema neno, watu wazima wakanyamaza, baba kule na Koko huku, kuna ubaya gani kuendelea kunyamaza?

Nikampigia baba. Nikamwambia yote, maji ya zamani, viatu, nyuzi nyekundu, matanga. Nikamwambia kosa lilikuwa la mdomo wangu, si la Koko. Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani rezo ya simu imekatika.

"Baba?"

"Niko."

Nilimsikia akihema.

"Watu walishiba?" akauliza.

"Walishiba, Baba."

"Unga ulikuwa mweupe?"

Hilo sikuwa nimeliuliza. Lakini nilimjua Koko.

"Mweupe, Baba. Mweupe kabisa."

Ndipo akamlilia mama yake, kwa sauti, kama wanavyolia watu siku ya kwanza ya msiba, nami nikaketi pale kando ya maji na simu sikioni, nikimsikiliza mpaka alipomaliza.