Mmea Usiotaka Jua

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Mimi sijui kutunga hadithi. Hii ilinipata mwenyewe, hapa Yatta, mwaka ule mvua ilikataa kabisa.

Mwaitu, mama yangu, alikuwa na kidonda cha sukari mguuni. Mwanga ulimchoma macho, kwa hivyo dirisha lake tuliliziba kwa gunia. Nzi wadogo wakajaa humo. Walitua hadi mdomoni mwake, naye hana nguvu ya kuwafukuza. Nilikuwa nikitoka nje kulia.

Jioni moja sokoni Kithimani nikakuta mama mmoja mgeni akiuza miche, kando ya wauza ndizi. Alikuwa na mimea inayokula wadudu. Ndiyo, iko, usinikatize. Ule wa mdomo, akasema, unataka jua kali. Wa vikombe hushika wadudu wakubwa. Wa majani yanayonata ndio wa nzi wadogo, ila ukae dirishani.

"Dirisha tumeziba," nikamwambia. "Mgonjwa hataki mwanga."

Akaniangalia sana. Akafunua leso, akatoa mwingine, mweupe kama mzizi.

"Huu hautaki jua, mwanangu. Upe maji ya mvua tu. Ukiyakosa, utajitafutia."

Mtu mwenye akili zake angeuliza utajitafutia wapi, sivyo? Mimi nilishika njia nikaenda nao nyumbani.

Nzi waliisha. Kidonda nacho kikakauka, tukatoa shukrani kanisani. Kisha tangi la maji ya mvua likaisha, tukabaki na maji ya kisima, ya chumvi. Mmea haukunyauka. Uliendelea kulowa, majani yakidondosha matone, na nje hata nyasi zimekufa. Aliyekuwa akikauka ni mama: mguu, kisha mikono, kisha ulimi. Akinywa maji, kiu iko palepale. Siku moja akaninong'oneza, "Mwana wakwa, utoe huo. Unaninywa."

Nikaubeba nje juani. Ulinyauka nikiwa bado nimeushika, na huko ndani nikasikia mama akishusha pumzi ndefu. Nilipoingia alikuwa ameenda. Niamini, nilimbeba peke yangu, mwepesi kama gunzi.

Yule muuzaji nilimtafuta soko baada ya soko. Wauza ndizi waliniapia kwamba hapo kwao hajawahi kukaa mtu wa miche.

Siku hizi silali dirisha likiwa limefungwa, hata Julai, mke wangu anung'unikie baridi atakavyo. Nawe kama una mgonjwa kwenye giza, kaa naye umpepee nzi kwa mkono wako. Hakuna mmea wa kazi hiyo.