Fremu Nyeusi kwenye Tovuti ya Kahawa

Juzi nilikuwa ofisini kwa kikundi cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga, nikijisifia tovuti niliyowatengenezea. Picha za viongozi nilizipamba kisasa: za kijivu, zenye fremu nyeusi nene, na ukipitisha kipanya juu yake rangi zinarudi. Kwenye kompyuta yangu zilipendeza mno.

Akaingia mama mmoja kutoka kijijini Mbuji na ndoo ya unga kichwani. Hakusalimia. Aliitua ndoo, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Jamani, viongozi wote? Walipanda gari gani?"

Akanionyesha simu yake. Simu haina kipanya, kwa hiyo rangi haikurudi. Viongozi wamejipanga pale, kijivu ndani ya fremu nyeusi, kama picha za marehemu wetu tunazoziweka juu ya jeneza. Fundi mimi sikuwa nimeijaribu kwenye simu hata mara moja, na huku kwetu nani anafungua tovuti kwa kompyuta?

Mara mwenyekiti akatoka chumba cha ndani, mzima wa afya. Mama akapiga ukelele, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unga huu wa nani?"

"Wa msiba wako."

"Naziondoa fremu sasa hivi," nikasema, nikiivuta kompyuta.

"Ziache mpaka Jumapili," akajibu mzee. "Nataka nimjue asiyekuja." Kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Na wewe uliyetuua, umeleta nini?"