Mama wa Mwandishi wa Gazeti

Mwimbaji yule alikuwa kipenzi cha pwani nzima. Santuri zake zilipigwa mtaani kwetu Langoni kutwa, hata watoto wakaziimba kabla ya kujua maana. Alipoletwa kuimba harusini alilazwa kwa baba yangu mkubwa, nilikokuwa nikikaa baada ya kuachika. Nikatumwa nimpelekee kahawa. Akafunga mlango, akanishika. Nilimmwagia kahawa ile ya moto, nikakimbia.

Watu wangu wakauliza habari za vikombe! Neno la mwanamke aliyeachika, nani atalipa uzito? Baba mkubwa akanikumbusha umaarufu wa mgeni wake kote nchini: "Nti nzima yamuyua mtu yule. Akirudi, utakwenda umuombe radhi." Nikaona afadhali nife.

Kisha akaja mwandishi wa gazeti kutoka Mombasa. Alikuwa amesikia habari yangu, na uvumi kama huo katika miji mingine. Lakini hakuwa maharimu wangu, ndugu wa karibu wa kuruhusiwa kukaa nami ndani; angeniuliza vipi? Akaishia barazani, akaondoka. Nikajua ndiyo basi. Baadaye akarudi na mamake.

Mama huyo, Mungu amrehemu, alifika ametapika njia nzima. Nyimbo za mwimbaji alizijua zote kwa moyo, na hakunificha. Alikaa nami ndani; mwanawe na baba mkubwa wakakaa nje. Swali likiulizwa huko, yeye hulileta. Nikijibu, hunyanyuka na magoti yake mabovu akalipeleka jibu. Hakuongeza wala hakupunguza. Nililia, akangoja nimalize.

Mara moja alitoka, hakurudi upesi. Nikamsikia akipaza sauti: "Ati kama alimchekea? Hilo siulizi mie! Kamuulizeni aliyefunga mlango!"

Swali lile lilikuwa la baba mkubwa. Tangu siku hiyo hakunitajia tena kuomba radhi. Radhi yangu hakuiomba pia, lakini sikuwa na tamaa kubwa hivyo.

Namshukuru mama yule kila nikiinua mikono kuomba dua. Alikuja mpaka kwetu kumsikiliza mtu asiyemjua, juu ya mtu aliyempenda.

Gazeti lilipofika tulisomewa uani. Jina langu halikuwamo. Walikuwamo wanawake wengine, wa miji nisiyowahi kuiona, na kila mmoja alitumwa kahawa, na kila mmoja alifungiwa mlango. Nikamshukuru Mungu kwamba si mimi peke yangu. Kisha nikalia kwa sababu hiyo hiyo.