Kalamu ya Wino na Gauni la Makena

Hii nawaambia nyinyi tu, kwa sababu watu wa Kibugu tayari wanaijua, na nikienda huko huwa natamani kujificha ndani ya mashamba yao ya majani chai.

Mimi napenda kalamu za wino, zile za kujazwa kutoka kwa chupa. Pale ofisini Makutano wenzangu wanaandika na biro, mimi naandika hata jina la kubandika kwa kikombe changu kwa wino wa bluu, kwa sababu nibu, ile ncha yake ya chuma, inateleza yenyewe bila kusukumwa, mkono unapumzika, na mwandiko unakuwa wa mtu mwenye adabu (msinicheke, kila mtu ana yake). Kwa hivyo mdogo wangu Makena alipoolewa Kibugu, kwa Waembu, na mimi ndiye msimamizi wake, niliamua cheti cha ndoa hakitawekwa sahihi na biro.

Pasta akakiweka mezani. Nikampa Makena kalamu yangu. Akajaribu, hakuna kitu. Akajaribu tena. Kanisa lote linanyoosha shingo, bwana harusi anafuta jasho na huko ni baridi.

"Dada, wachana nayo," Makena akaninong'oneza.

Kama ningemsikia! Nikaichukua, nikaikung'uta mara moja kwa nguvu, na wino wote uliokuwa umekataa kutoka ukatoka. Ukaanzia kifuani kwa gauni jeupe, ukashuka hadi kiunoni, tone moja likamalizia kwa kola ya Pasta. Mtu akamwita Mungu kwa kelele, "Ngai!", kumbe ni mimi. Halafu, kwa akili zangu, nikatoa kitambaa nikapangusa, na matone yakawa ziwa.

Makena akaanza kulia. Hapo mama mkwe wake, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameniongelesha, akainuka kutoka kiti cha mbele, akavua shali yake ya manjano, akamfunga Makena kuanzia begani, akapiga pini.

"Sasa wewe ni wa kwetu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, kaa chini."

Kanisa likacheka, Makena naye akacheka na machozi bado yako, akaweka sahihi na biro ya Pasta.

Gauni halikutakata. Watu wa kwetu Ruiri wakiona picha wanauliza kama ile shali ni desturi ya Waembu, na Makena anawaambia ndiyo.

Kalamu bado naandika nayo kila siku, siwezi kuwadanganya. Lakini nimeapa: mahali mtu amevaa nyeupe, mimi sikung'uti kitu, hata mwavuli.