Mama wa Fremu ya Chini

Mwashi yule alijua nchi inaelekea wapi kwa kuangalia alichoagizwa kujenga. Ujanani alijenga safu za nyumba fupi zenye ua, za kupangishwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Baadaye serikali ikanawa mikono, kila mtu ajijengee, naye akajenga vibanda vya watu hadi kingo za mitaro. Sasa mji ulitaka kwenda juu. Nyumba fupi zilibomolewa, na mahali pake yakasimama maghorofa, chini kukiwa na fremu za maduka tu, kwa amri: mji mpya lazima ufanye biashara. Yeye mwenyewe aliinua kuta za tundu la lifti. Lifti, walisema, itakuja awamu ya pili.

Mama yake, mpangaji wa siku nyingi wa nyumba zile fupi, alipewa vyumba ghorofa ya nne. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Siku ya kuhamia, vibarua walimpandisha na kiti chake.

"Na kushuka je?"

"Tutakubeba tena, mama."

"Mpaka siku ile ya kubebwa moja kwa moja, siyo?"

Vibarua walicheka. Mwanawe hakucheka.

Kule juu alikaa dirishani, akawajua majirani kwa vipara vyao. Alisalimia, sauti ikapotelea hewani. Taratibu akaanza kuacha chakula.

"Baba watoto," mke wa mwashi alisema, "mama anazimika hivi hivi tukimwona."

Mwashi akakodi fremu moja ya chini. Kitanda cha mama yake akakiweka nyuma ya pazia, kiti chake mlangoni.

"Fremu si ya kulala," msimamizi wa jengo alimwonya. "Nikikuta hapauzwi kitu, naifunga."

"Utakuta panauzwa."

Msimamizi hakukawia kuja. Mwashi alikuwa kazini. Mama yake alikuwa kitini, anaamkiwa na kila apitaye, na rafu nzima nyuma yake ilikuwa na mwiko mmoja wa kujengea na pimamaji.

"Shikamoo bibi. Hapa unauza nini?"

"Marahaba. Nauza fundi."

"Fundi?"

"Wa kuta, wa lipu, wa vigae. Wa leo ameisha, baba. Kesho uwahi."

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mama mmoja wa ghorofa ya pili hakucheka.

"Basi bibi niwekee mimi huyo wa kesho. Bafu langu linavujia kwa jirani, nimeshachoka kutukanwa."

"Huyo umeshampata."

Msimamizi alitazama mwiko, akamtazama bibi, halafu pazia. Akainama kidogo.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "mguu wa kitanda unaonekana."

Akaenda fremu ya pili.

Jioni mwashi alirudi akakuta ana kazi mbili: bafu la kuziba, na pazia la kurefusha. Alianza na pazia.