Baraka Iliyofika Saa Tisa

Mzee mmoja wa Lubumbashi, jirani yangu wa ofisi hapa Huanshi Zhonglu, kwa Wachina, ana binti aliyeolewa na Mfaransa bila baba kuridhia. Kwa miaka minne hakutaka hata kusikia habari za wakwe. Mwaka jana moyo ulilainika, lakini viza akanyimwa mara mbili. Aliposikia ninakwenda Paris kwenye maonyesho ya bidhaa, akaniletea kitenge kilichokunjwa vizuri.

"Mudogo wangu, utakuwa kinywa changu," alisema. "Kwetu baraka haitumwi kwa simu. Umupe mama mukwe kitenge mbele ya bwana yake, useme nimekubali. Halafu uniletee jibu lao."

"Kifaransa changu ni cha kuombea maji tu, mzee."

"Binti atatafsiri. Wewe fika."

Mji anakoishi binti ni mdogo, wa kale, umezungukwa na mashamba. Nilishuka basi saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimealikwa kwake saa sita, kula na wakwe. Ilikuwa siku ya gulio. Katikati ya mji pana banda la soko la karne nyingi, paa lake limebebwa na nguzo za mbao nene kuliko kiuno cha mtu. Pembeni kuna jiwe lililochimbwa mashimo ya kupimia nafaka. Nilitia mkono ndani ya shimo moja, nikakuta ukingo umelainika kwa mikono ya watu. Nikamkumbuka bibi yangu akipima mtama kwa pishi, akiongeza konzi moja juu.

Ningeondoka hapo ningefika kwa wakati. Lakini jirani na wauza jibini palikuwa na meza ya ndege wa mbao, na ndege wale niliwajua. Nilikuwa nimewafungasha mwenyewe huku kwetu, soko la Yide Lu, makatoni kwa makatoni. Nikamgeuza mmoja, nikatafuta alama ya gundi chini ya bawa. Mwenye meza akanionyesha kwa mikono kwamba wamechongwa hapo hapo kijijini. Nikacheka, nikauliza bei, nikaenda meza ya pili, ya tatu, nikipindua vikapu na vitambaa. Mchuuzi haoni bidhaa akapita bila kujua imetoka wapi. Kengele za kanisa nilizisikia, sikuzihesabu.

Nilibisha mlango saa tisa.

"Bameenda," binti alisema. "Baba mukwe ana ng'ombe za kukamua. Balingoja mpaka saa nane na nusu." Mezani palikuwa na bakuli la samaki na ugali uliokauka juu. "Uligonjwa njiani, papa mudogo?"

"Nilipotea."

Mji ule unauvuka kwa dakika kumi. Alipokea kitenge, akakiweka juu ya kiti cha mama mkwe wake, akanipakulia. Nilikula kila kitu, kwa aibu. Basi la mwisho liliondoka saa kumi, na ndege yangu ilikuwa alfajiri.

Siku niliyorudi mzee alinikuta hata sijafungua sanduku.

"Bakwe balisema nini?"

Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Nilipouona uso wake nikasema baba mkwe alisimama, akapokea kitenge kwa mikono miwili, akasema binti huyu ameleta kicheko ndani ya nyumba yao, na siku mzee atakapokuja hatabisha hodi. Mzee aliomba nirudie. Kisha akampigia mkewe Lubumbashi, akanipa simu nirudie mara ya tatu.

Binti naye alinipigia siku ya pili yake.

"Papa ameniambia yale maneno," alisema. "Baba mukwe tangu nimujue hajasema maneno mengi hivyo."

"Nitamwambia mzee kweli leo."

"Usimwambie. Mama analia kwa furaha tangu jana."

Sikumwambia, na kunyamaza huko ni kwangu, simtupii yeye.

Mwezi huu mzee amepata viza. Juzi tulikwenda soko la nguo la Shisanhang kumchagulia baba mkwe wa binti koti. Hataki binti ajue, anasema zawadi ya namna hii haitangazwi. Muuzaji alisimama na fimbo yake ndefu ya kutungulia nguo za juu, akingoja tuamue.

"Ana mwili gani, mudogo wangu? Wewe ndiye ulimuona."

Niliinua mkono mpaka usawa wa sikio langu.

"Hivi," nilisema. "Na mabega mapana."